Uso nusu umeungua nusu mkaa: jibu kwa anayeanza kupiga picha za watu kwa mwanga wa dirisha

Msomaji mmoja kaniandikia hivi: "Kaka shikamoo, naomba msaada. Nina miezi mitatu tangu nianze kupiga picha, nina kamera ya kuanzia na ile lenzi iliyokuja nayo, 18-55, inayovuta kutoka milimita 18 mpaka 55. Nampiga mdogo wangu wa kike ndani karibu na dirisha, upande mmoja wa uso unaungua kabisa, unakuwa mweupe tupu, wa pili unakuwa mweusi kama mkaa. Nikimkalisha dirisha likiwa nyuma yake, uso wote giza. Nikimsogeza mbali na dirisha picha inajaa chenga, vile vidoa vidogo vidogo, na rangi ya njano. Pia mama anavaa miwani, kila nikimpiga dirisha lote linaonekana kwenye kioo cha miwani. Watu wananiambia ninunue flashi. Ni kweli au kuna kitu nakosea?"

Marahaba mdogo wangu. Flashi iache kwanza, nitaigusa baadaye. Ukiniangalizia hayo malalamiko yako utaona karibu yote ni ugonjwa mmoja, umemweka mtu mahali ambapo kiti kilikuwepo tayari, au mahali ambapo nyuma panapendeza, alafu ukategemea mwanga ujipange wenyewe. Mwanga haujipangi. Dirisha limejengewa ukutani haliendi popote, kwa hiyo wa kusogea ni yeye na wewe, na mara nyingi ni kusogea hatua moja tu au kugeuza kiti kidogo.

Kuna jambo moja hujaniambia nalo ndo kubwa, ulipiga saa ngapi, na je jua lilikuwa linaingia ndani? Maana hiyo "kuungua kabisa" uliyoisema inaninukia jua. Watu wengi wakisikia mwanga wa dirisha wanafikiri ni ule mstari wa jua unaolala sakafuni, wanamchukua mtu wanamkalisha hapo hapo kwenye mstari. Huo sio mwanga wa dirisha, huo ni mwanga wa jua uliopitia dirishani, tofauti ni kubwa sana. Jua liko mbali mno na ukilitazama angani ni kiduara kidogo tu, kwa hiyo kivuli chake kina kingo kali kama kimekatwa na wembe, pua inachora kivuli shavuni na paji la uso linang'aa kama bati. Mwanga tunaoutaka ni wa anga, ule unaotoka mbinguni kote na kwenye mawingu na kuta za nje, unaingia dirishani bila jua lenyewe kuingia. Hapo dirisha lote linakuwa taa moja kubwa.

Kupima ni rahisi, nyoosha mkono pale unapotaka kumkalisha na uangalie kivuli chake ukutani au kwenye karatasi nyeupe. Ukiona vidole vyote vitano vimechorwa safi, kuna jua, hapo usimkalishe. Ukiona kivuli kimefifia na kingo zake zinayeyuka, uko sehemu sahihi. Kama jua linaingia una njia tatu. Subiri lipande au lihame, hamia dirisha la upande mwingine wa nyumba, au tundika pazia jepesi jeupe, hata shuka nyeupe nyembamba inatosha, jua likilipiga hilo pazia basi pazia lote linawaka na linakuwa ndo taa yako. Ila liwe jeupe kweli. Pazia la rangi ya chungwa litakupa mtu wa rangi ya chungwa.

Dirisha la mashariki jua linaingia asubuhi, la magharibi linaingia jioni, hilo unalijua. La kaskazini na la kusini inategemea uko wapi duniani, walio mbali kaskazini mwa ikweta dirisha lao la kaskazini halioni jua karibu mwaka mzima na ndo maana wachoraji na wapiga picha wa zamani wa Ulaya walikuwa wanagombania vyumba vya upande huo, walio mbali kusini ni kinyume chake, na walio karibu na ikweta jua linawahama, mwezi wa sita liko upande wa kaskazini na mwezi wa kumi na mbili liko kusini. Kwa hiyo usinikariri mimi, kaa ndani siku moja ambayo huna kazi uangalie kila dirisha la nyumba yako linafanya nini saa tatu, saa sita, saa kumi. Andika hata kwenye simu.

(Na usidhani mwanga wa dirisha ni wa wasio na hela. Kabla ya umeme studio karibu zote ziliishi kwa huo huo, zilijengwa na kuta au paa za vioo. Kuna mama mmoja wa Uingereza, Julia Margaret Cameron, alipata kamera yake ya kwanza mwaka 1863 akiwa na miaka 48, akageuza banda la kuku lenye vioo kuwa studio, na picha zake za nyuso mpaka leo ziko makumbusho. Banda la kuku!)

Sasa tuje kwenye kitu ambacho mimi mwenyewe kilinichukua muda mrefu kukielewa, na nikisoma ujumbe wako naona na wewe umekichanganya. Ulaini wa kivuli na weusi wa kivuli ni vitu viwili tofauti. Ulaini ni ule ukingo, yaani pale mwanga unapogeuka kuwa kivuli, unageuka ghafla au taratibu? Hilo linaamuliwa na ukubwa wa dirisha kwa jinsi uso unavyoliona. Ukikaa karibu, dirisha linakuwa kubwa mbele yako, mwanga unakuja toka pembe nyingi unauzunguka uso, ukingo unakuwa laini. Ukirudi mwisho wa chumba dirisha lile lile linakuwa dogo kama skrini, na ukingo unaanza kukaza. Kwa hiyo karibu ni laini, mbali ni kali, wengi wanadhani ni kinyume.

Weusi ni habari nyingine kabisa. Weusi unaamuliwa na kilichopo upande wa pili wa uso, ule usioliona dirisha. Kama upande ule kuna ukuta mweupe karibu, mwanga unagonga ukuta unarudi na shavu linapata uhai. Kama kuna kabati jeusi au chumba kirefu chenye giza, hakuna kinachorudi, shavu linabaki mkaa. Na ukimsogeza mtu karibu kabisa na dirisha ule upande wenye mwanga unapanda sana wakati upande wa kivuli unabaki unategemea makombo ya chumba, kwa hiyo unaweza ukapata kivuli laini sana na cheusi sana kwa wakati mmoja. Hiyo ndo picha yako. Mdogo wako yuko karibu na dirisha, bega lake ndo limelielekea dirisha, na upande wa pili hakuna kitu.

Kabla hujamkalisha mtu fanya hivi, nakuomba usiruke hata kama utajisikia mjinga. Kunja ngumi, inyooshe mbele yako usawa wa macho, simama karibu na dirisha alafu jizungushe taratibu huku unaangalia ngumi tu. Utaona vifundo vinavyoingia na kutoka kivulini, kuna sehemu ngumi inakuwa bapa haina umbo, kuna sehemu inakuwa na umbo zuri na kivuli kidogo, kuna sehemu nusu inapotea. Rudi hatua mbili ndani rudia. Dakika tano za hiyo ngumi zitakufundisha zaidi ya video kumi, na baada ya wiki utajikuta unaingia kwenye chumba cha mtu yeyote na unajua pa kumweka kabla hata hujafungua begi.

Tumkalishe sasa. Dirisha tuseme liko ukutani na yeye yuko kama mita moja kutoka kwenye hilo dirisha. Akiliangalia dirisha uso mzima na wewe umejibanza mgongo kwenye dirisha, mwanga unakuwa sawa pande zote, vivuli karibu hakuna, hii inasamehe sana ngozi yenye chunusi na mikunjo ila uso unakuwa bapa kidogo, na angalia usimzibie mwanga kwa mwili wako, nimeona watu wanasimama katikati ya dirisha alafu wanashangaa giza limetoka wapi. Akigeuza uso kama robo, dirisha likawa mbele yake kwa pembeni, hapo ndo pazuri kwa anayeanza. Shavu moja lina mwanga kamili, la pili lina kivuli, ila chini ya jicho la upande wa kivuli kunabaki kipande cha mwanga kama pembetatu. Hiyo pembetatu ina jina, inaitwa mwanga wa Rembrandt, mchoraji wa Uholanzi wa miaka ya 1600 aliyependa sana kuchora nyuso zenye mwanga wa namna hiyo. Ukiiona pembetatu na jicho lina uhai, piga.

Akiendelea kugeuka mpaka dirisha likawa ubavuni kabisa, uso unagawanyika nusu kwa nusu. Ndo pale ulipo wewe. Sio kosa, kwa mzee mwenye sura ya kazi au mwanamuziki inaweza kupendeza sana, lakini kwa mdogo wako anayetaka picha ya kuweka profaili haifai. Dawa ya kwanza wala sio kifaa, mwambie tu "geuza pua kidogo uelekee dirishani" na wewe sogea kidogo ufuate. Sio mabega, pua. Mabega yakibaki yalipo na uso ukageuka unapata na pozi nzuri ya bure.

Na wewe pia unaweza kuchagua upande. Akiwa ameelekeza pua dirishani, ukisimama upande wa chumbani unaona zaidi shavu lenye kivuli, uso unaonekana mwembamba na una kina. Ukisimama upande wa dirishani unaona zaidi shavu lenye mwanga, uso unaonekana mpana. Watu wengi wanapendeza ukiwa upande wa kivuli, mimi karibu kila mara naanzia huko.

Kingine angalia macho. Ndani ya mboni lazima uone dirisha, kile kipande cheupe cha mwanga, na kikae juu kidogo, kama saa ingekuwa kwenye jicho basi kiwe kwenye kumi au kwenye mbili. Jicho lisilo na hicho kipande linakuwa limekufa hata kama mtu anacheka. Kikiwa chini ya mboni ujue mwanga unatokea chini, na hii inatokea sana kwa madirisha marefu yanayoanzia karibu na sakafu au mtu akiwa amesimama na dirisha ni fupi. Mwanga wa chini ni wa picha za kutisha. Ziba nusu ya chini ya dirisha kwa shuka au boksi, au mkalishe kwenye kiti kifupi, ili mwanga umshukie kutoka juu. Hii ya kuziba chini wengi hawaifanyi na inabadilisha picha kuliko lenzi mpya.

Haya, shavu bado jeusi hata baada ya kugeuza pua? Leta kitu cheupe. Sio lazima riflekta ya dukani, kile kibao cha kurudisha mwanga, boksi lililobandikwa karatasi nyeupe, shuka iliyotundikwa kwenye kiti, hata mtu aliyevaa fulana nyeupe akisimama upande ule anasaidia, sitanii. Kiweke upande wa kivuli, mbele kidogo ya uso na sio nyuma ya sikio, maana kikikaa nyuma kinawasha sikio na shingo tu. Anza na nusu mita, sogeza karibu huku unaangalia shavu. Usikimalize kivuli chote, kivuli ndo kinachoonyesha kwamba uso una umbo. Karatasi ya alumini ya jikoni inarudisha mwanga mkali wenye madoa madoa, mimi siipendi kwa uso. Na ukitaka kinyume, chumba chako ni cheupe kote na uso umekuwa bapa kama karatasi, weka nguo nyeusi upande ule na utaona shavu linapata umbo. Watu wanasahau kwamba unaweza kupunguza mwanga pia.

Dirisha nyuma yake. Hapa kamera haijakosea, imefanya hesabu yake. Inaona eneo kubwa jeupe, inasema hii picha inang'aa mno, inapunguza kila kitu mpaka dirisha liwe la kawaida, na uso unazama. Kwenye kamera yako kuna kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, weka +1, piga, ongeza mpaka +2 kama bado. Uso utatokea na dirisha litaungua, na kuungua kwa dirisha hapa ni sawa kabisa, nywele zitapata mstari wa mwanga na picha itakuwa na ule ulaini wa asubuhi. Huwezi kupata vyote viwili, uso na mti wa nje, bila kuongeza mwanga mbele, kubali mapema upunguze uchungu. Pia weka kile kitu chako cheupe mbele ya uso wake, chini ya kifua, kiurudishe mwanga unaotoka nyuma. Au amua kwamba unataka umbo lake jeusi tupu, mwache giza, ila hapo mgeuze aonekane pua na midomo kwa ubavu, uso unaotazama kamera ukiwa mweusi unakuwa puto.

Sasa ile njano na chenga. Mwanga wa dirisha unakufa haraka kuliko jicho linavyokuambia, kwa dirisha la kama mita moja kwa mita moja, ukitoka mita moja ukaenda mita mbili unabaki na kama theluthi moja ya mwanga. Macho yanazoea, kamera haizoei, inapandisha ISO, yaani wepesi wake wa kupokea mwanga, na hapo ndo chenga zinaingia. Kwa hiyo usimpeleke mbali. Ukitaka nyuma yake pawe giza na safi, yeye abaki karibu na dirisha na ukuta wa nyuma ndo uwe mbali, ile theluthi inakufanyia kazi yenyewe.

Njano najua imetoka wapi, uliwasha taa. Mwanga wa anga ni wa bluu ukilinganisha na balbu, mchana tunahesabu kama 5500K na kivulini unaenda mpaka 7000 na zaidi, balbu ya njano ni kama 2700 mpaka 3000. Kamera inaweza kusawazisha rangi moja, sio mbili. Ukisawazisha dirisha balbu inakuwa chungwa, ukisawazisha balbu dirisha linakuwa bluu, na uso wa katikati unakuwa na shavu la bluu na sikio la njano, hiyo hata ukiiediti usiku kucha haiponi. Zima taa zote. Zote, hata ya korido. Alafu toa waiti balansi, ile setingi ya kusawazisha rangi, kwenye oto, weka alama ya wingu au ya kivuli, na piga RAW, lile faili ghafi la picha, kama kamera inaruhusu ili urekebishe baadaye bila kuharibu.

Na kuta zina rangi. Moja ya kazi zangu za mwanzo za kulipwa nilimpiga dada mmoja kwenye sebule yenye ukuta wa kijani, nikaona ni ukuta tu, niko bize na pozi. Nyumbani naangalia kwenye kompyuta, upande wa kivuli wote kijani kama anaumwa, nikahangaika siku mbili na mwisho nikazifanya nyeusi na nyeupe nikamwambia ni staili. Alipenda, lakini mimi najua. Ukuta, kapeti, hata nyasi za nje zikiwa karibu na jua limezipiga, vyote vinarudisha rangi yake usoni. Angalia na kioo chenyewe, kama kina tinti fungua dirisha.

Setingi za kamera nitapita haraka maana sio hapo palipo na shida yako. Lenzi yako ivute mpaka 55, hapo uso unakaa vizuri, ukitumia 18 kwa karibu pua inakuwa kubwa na masikio yanakimbia. Kwenye 55 tundu lake la kuingizia mwanga likifunguka mpaka mwisho kwa kawaida ni f/5.6 (namba ikiwa ndogo tundu ni pana zaidi), liache hapo. Spidi ya shata, yaani muda ambao kamera inabaki wazi, usishuke chini ya 1/125 ya sekunde, mtu anapumua na anapepesa, ile teknolojia ya kutuliza lenzi inatuliza mikono yako wewe, haimtulizi yeye. ISO iache ipande 800, 1600, hata 3200 jioni. Chenga kidogo kwenye picha iliyopata mwanga wa kutosha zinavumilika, chenga mbaya ni zile za picha uliyopiga giza alafu ukaivuta kwenye kompyuta. Fokasi iwe kwenye jicho lililo karibu na kamera. Siku ukipata uwezo wa kununua kitu, nunua lenzi ya 50mm f/1.8, kutoka f/5.6 mpaka f/1.8 ni mwanga zaidi ya mara tisa, hiyo ni tofauti ya ISO 1600 na ISO 200 hivi. Ila ukiwa nayo usikimbilie f/1.8 kila picha, jicho moja litakuwa safi na la pili ukungu, f/2.8 inatosha.

Ngozi nyeusi inataka nizungumze kidogo, maana mafunzo mengi ya mtandaoni yameandikwa kama vile haipo. Hili lina historia, miaka mingi kampuni ya Kodak ilikuwa inagawa kwa maabara kadi za kusawazishia rangi zenye picha ya mwanamke mweupe, zikaitwa kadi za Shirley, ngozi yake ndo ilikuwa kipimo na wengine tutajijua. Kamera za sasa ni bora sana lakini kipimo cha mwanga bado kinadhani dunia yote ni kijivu cha kati. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inataka kuupausha, unatoa kidogo kwa kile kitufe cha kujumlisha na kutoa, -0.3 au -0.7. Mtu huyo huyo akisimama mbele ya ukuta mweupe kamera inamzamisha, unaongeza. Usiiamini skrini peke yake, angalia histogramu, ile grafu ya giza na mwanga wa picha, na washa ile alama ya kupepesa sehemu zilizoungua. Alafu ngozi nyeusi uzuri wake hauko kwenye kumwagiwa mwanga mwingi, uko kwenye mng'ao, ule mstari wa mwanga kwenye shavu, kwenye mfupa wa pua, begani. Dirisha kubwa lililo karibu linatoa mng'ao mpana unaoteleza, jua au flashi ndogo inatoa kidoa cheupe cha mafuta kwenye paji la uso. Ndo maana nakuambia dirisha ni rafiki yako. Mgeuze mpaka uone huo mng'ao umekaa shavuni, na usiufute kwa poda yote.

Siku huna kamera, simu inafuata sheria zile zile, gusa uso kwenye skrini, shikilia mpaka ifunge fokasi, alafu vuta kidole juu au chini kurekebisha mwanga. Rudi nyuma utumie lenzi ya mara mbili (2x) kama ipo badala ya kumkaribia. Na zima ule urembo wa ngozi, unakula kazi yote ya mwanga uliyoipanga.

Kuhusu flashi, wanaokushauri hawana nia mbaya, ila flashi ya juu ya kamera ikimpiga mtu usoni itakupa vile vile vivuli vikali na mng'ao wa mafuta, tofauti tu vitatokea mbele. Ukijua dirisha vizuri, siku ukinunua flashi utajua kuielekeza ukutani au kwenye dari ili ifanane na dirisha. Ukiinunua sasa itakuwa balaa jipya juu ya la zamani. Piga miezi mitatu mingine na dirisha moja, mdogo wako yule yule, na kiboksi cheupe.

Mama na miwani yake. Kioo cha miwani kinafanya kama kioo chochote, mwanga unaingia kwa pembe fulani na kutoka kwa pembe ile ile upande wa pili, na kwa bahati mbaya wewe umesimama hapo hapo unapotokea. Kwanza hama wewe, hatua moja kushoto au kulia huku unaangalia miwani na sio uso, mara nyingi dirisha linapotea lenyewe. Kama halipotei mgeuze kidogo dirisha lizidi kwenda ubavuni. Bado? Inyanyue mikono ya miwani nyuma ya masikio kama sentimita moja ili vioo vielekee chini kidogo, kwa mbele haionekani, nywele au kilemba kinaficha. Mwisho kabisa mwambie ashushe kidevu kidogo, sema "mama niangalie kwa macho tu, kidevu chini kidogo". Kidogo, akishusha sana fremu ya miwani itamkata macho katikati. Kipande kidogo cha mwanga kikibaki pembeni ya kioo kisichogusa mboni kiache, miwani isiyo na mng'ao kabisa inaonekana kama fremu tupu. Na usimwambie aivue, kama anaivaa kila siku basi bila miwani watoto wake wataiona picha na kuuliza huyu nani, na ile alama ya miwani puani haifichiki.